Kompyuta nzito, kivinjari kinajifunga: pima kwanza kabla ya kupiga window

"Fundi, imekuwa nzito, nipigie window tu." Kompyuta nyingi huwekwa mezani kwa mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, kwa maneno hayo, kana kwamba ugonjwa umeshapimwa na kilichobaki ni dawa. Window inapigwa, mashine inachangamka wiki mbili, halafu inarudi palepale: kuwaka dakika saba, mausi inaganda, Chrome inajifunga mtu akiwa katikati ya fomu. Kupiga window hufuta programu na kuweka Windows upya. Hakuongezi RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi), hakuponyi diski inayokufa, hakutoi vumbi kwenye feni.

Uzito na kivinjari kujifunga huonekana kama matatizo mawili, lakini mara nyingi ni moja. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kwenye faili liitwalo pagefile. Diski ya kuzunguka ni kobe mbele ya RAM, kwa hiyo kila kitu kinapanga foleni. Pagefile nalo likifika ukomo, programu inayoomba kumbukumbu zaidi hunyimwa. Inayoomba kuliko zote ni kivinjari, ndiyo maana chenyewe hufa kwanza huku Word bado iko wazi pembeni.

Kabla ya kugusa chochote, okoa mafaili. Nakili Desktop, Documents, Downloads na picha kwenye diski ya nje au flashi unayoiamini. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl+Shift+O, nenda kwenye vitone vitatu, hamisha alamisho (bookmarks) zako ziwe faili moja. Na kama diski inatoa mlio wa kugonga, tik, tik, tik, acha kila kitu kingine: nakili muhimu kwanza, uzime, ubadilishe diski. Diski ya namna hiyo inaweza isiwake tena kesho.

Soma mashine inasema nini

Washa kompyuta, iache dakika tano bila kufungua kitu, kwa sababu mwanzoni kila programu inagombania nafasi na namba zinadanganya. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, na kama dirisha ni dogo bonyeza "More details". Nenda kwenye "Performance". Sasa fungua kivinjari na kurasa zile zile unazozitumia kila siku, ukiangalia namba zinavyokwenda.

Kwenye "Memory" usiishie kwenye asilimia. Tafuta neno "Committed": kuna namba mbili, mfano 7.4/7.9 GB. Ya pili ndiyo ukomo, yaani RAM na pagefile kwa pamoja. Ya kwanza ikikaribia ya pili, kivinjari kiko mlangoni kutoka. Ukurasa huo huo utakuonyesha "Slots used", mfano 1 of 2, kwa hiyo unajua kama kuna tundu tupu la kuongeza RAM hata kabla ya kufungua skrubu.

Kwenye "Disk", ugonjwa una sura yake: kazi ni 100% lakini kasi ni MB 1 au 2 kwa sekunde, na "Average response time" inaruka hadi mamia ya milisekunde, wakati mwingine elfu na zaidi. Hapo diski imechoka, au RAM imejaa na kumtwisha diski mzigo usiokuwa wake. Angalia vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwenye "CPU", yaani prosesa, tazama "Speed". Mashine yenye kasi ya msingi ya 2.40 GHz ikiganda kwenye 0.78 GHz huku kazi iko 100%, kuna kitu kinaifunga breki. Tutafika huko. Tazama pia "Up time". Wengi huzima kompyuta kila jioni na bado hapo panasoma siku kumi na mbili, kwa sababu ya kipengele cha "Fast Startup": ukibonyeza "Shut down", Windows haizimiki yote. Chagua "Restart". Ni dawa ya bure, ijaribu mwanzo kabisa.

Kipimo cha pili watu wengi hawakijui, na kinastahili kuwa cha kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `perfmon /rel`, bonyeza Enter. Itatokea kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo programu zilikufa. Kama alama zote ni chrome.exe peke yake, shughulika na kivinjari. Kama leo ni chrome.exe, jana winword.exe, juzi explorer.exe, na katikati mashine imejizima kwa kioo cha bluu, achana na kivinjari kabisa. Hiyo mara nyingi ni RAM mbovu au diski mbovu, na utaweka Chrome mpya mara ishirini bila nafuu.

RAM: hesabu ya steshenari

Chukua kompyuta ya steshenari yenye RAM ya GB 4, siku za maombi ya mikopo au ajira. Windows 10 na vidude vyake inakaa na karibu GB 2 kabla hujafanya kitu. Kivinjari kina vichupo (tabs) kumi: fomu, barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, vyeti vya PDF vya wateja watatu. Hiyo ni GB 1.5 hadi 2 bila taabu. Word iko wazi, programu ya printa iko wazi. Hesabu imeshapita GB 4, na bado mteja wa nne hajakabidhi flashi.

Kuna mzigo mwingine hapo ambao watu hawaushuku: skana. Karatasi moja ya A4 ikiskaniwa kwa rangi kwa dpi 600 (nukta kwa inchi) ina nukta 4,960 kwa 7,016, na kila nukta ni baiti tatu. Ikifunguliwa kwenye kumbukumbu ni karibu MB 100 kwa karatasi moja, hata kama faili lenyewe limebanwa likaonekana dogo. Cheti cha kurasa nne kwenye kichupo kimoja kinaweza kuangusha kivinjari cha mashine dhaifu. Skani kwa dpi 200: karatasi ile ile inakuwa karibu MB 12, herufi zinasomeka vizuri, na tovuti nyingi za maombi zinakataa mafaili makubwa kwa vyovyote vile.

Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc. Itafunguka orodha ya kila kichupo na kila kiendelezi (extension) na kiasi kinachokula. Panga kwa safu ya kumbukumbu, ua kinachoongoza. Kisha nenda Settings, "Performance", washa "Memory Saver", ambayo hulaza vichupo usivyovigusa. Usiiwashe kwa tovuti ya fomu ndefu usiyoihifadhi: iweke kwenye orodha ya tovuti zisizolazwa, la sivyo unaweza kurudi ukakuta fomu tupu.

Sasa pagefile. Video nyingi za "ongeza kasi ya kompyuta" hushauri kulizima. Ushauri mbaya. Ukilizima, ukomo wa "Committed" unashuka hadi kiasi cha RAM peke yake, na kivinjari kitajifunga mapema zaidi. Bonyeza Windows na R, andika `sysdm.cpl`, nenda "Advanced", "Performance", "Settings", "Advanced" tena, "Virtual memory", "Change", weka tiki kwenye "Automatically manage". Washa upya.

Angalia pia "System type" kwenye Settings, "About". Ikisoma 32-bit wakati mashine ina GB 4 au 8, aliyekupigia window alikupunja. Windows ya 32-bit haitumii zaidi ya GB 3 na ushei, hata ukijaza tundu zote. Hii ni mojawapo ya sababu chache halali za kupiga window upya, safari hii ya 64-bit.

Kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8 ndiyo pesa inayolipa haraka, mradi ununue inayofaa. Soma stika ya iliyomo. Kwenye laptop za DDR3, PC3L maana yake ni volti 1.35, na PC3 bila L ni volti 1.5. Ya L huweza kukaa mahali pengi pa 1.5, lakini laptop inayotaka 1.35 ukiiwekea 1.5 mara nyingi haitawaka, au itawaka na kuleta vituko. DDR3 na DDR4 haziingiliani kabisa, ufa wa katikati uko mahali tofauti. Ukiona inabidi usukume kwa nguvu, umekosea. Kabla ya kuchomeka toa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15, na shika kingo za RAM, si meno yake.

Kwa RAM iliyopo, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, acha ikauke, irudishe. Pwani hii unyevu na chumvi ya baharini hufanya utando kwenye miguso, na mashine za nyumba za karibu na maji, upande wa Raskazone kwa mfano, hupata hili kuliko za bara. Kisha bonyeza Windows na R, andika `mdsched`, chagua kuwasha upya, iache ipime. Ikiripoti kosa hata moja, toa RAM moja moja upime tena mpaka mbovu ijulikane. RAM mbovu haina tiba; itupe.

Diski

Weka CrystalDiskInfo, ni ya bure. Bluu ni nzuri, njano ni onyo, nyekundu nunua leo. Mistari mitatu ndiyo ya kusoma: 05, C5 na C6. Hizo ni sehemu za diski zilizohamishwa kwa ubovu, zinazongoja kuamuliwa, na zisizosomeka. Kwenye diski ya kuzunguka zinapaswa kuwa sifuri. C5 ikipanda wiki hadi wiki, diski iko safarini. Chrome huandika kwenye diski muda wote, historia, vidakuzi, kashe, kwa hiyo sehemu mbovu ikiangukia kwenye folda yake, unapata kujifunga kusikoeleweka.

Onyo: usikimbilie `chkdsk C: /r` kwenye diski ya njano au nyekundu kabla ya kunakili mafaili. Amri hiyo husoma diski nzima, inaweza kuchukua masaa, na kwa diski mgonjwa ni kama kumkimbiza mzee mwenye pumu. Kwa diski yenye afya ambayo umeme umekatika mara kadhaa ikiwa inaandika, `chkdsk C: /f` inatosha. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS hupata hili sana. Hata UPS ndogo inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri.

Nafasi: acha angalau GB 15 hadi 20 wazi kwenye C. Ikijaa, pagefile haliwezi kukua, na tumerudi kule kule kwenye "Committed". Safisha kwa `cleanmgr`, kisha fungua Downloads upange kwa ukubwa. Steshenari zinakuta humo vyeti vya watu wa miaka mitatu iliyopita. Vifute, na si kwa ajili ya nafasi tu: ni siri za wateja.

Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, hakuna marekebisho yatakayoifikia SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Diski ya laptop ya mizunguko 5,400 husoma karibu MB 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, na hushuka mno ikiombwa mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, ambayo ndiyo kazi ya kivinjari. SSD ya SATA hufika karibu MB 500, na kwenye mafaili madogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Ya GB 240 au 256 ya inchi 2.5 inaingia kwenye laptop nyingi za zamani. Ukishaifunga, piga window safi juu yake, na diski ya zamani iweke pembeni kama nakala.

Kivinjari chenyewe

Ukifika hapa RAM na diski ziko salama, na alama nyekundu ni za chrome.exe tu. Fuata mpangilio huu bila kuruka, kila hatua ukitumia nusu saa kabla ya kwenda nyingine.

1. Fungua dirisha la mgeni: bonyeza picha ya wasifu juu kulia, chagua "Guest". Humo hakuna viendelezi wala historia yako. Kikitulia, mkosaji yuko kwenye wasifu wako.
2. Andika `chrome://extensions`. Zima vyote, washa kimoja kimoja. Vya kushuku kwanza ni vya kupakua video, vya kuponi, na chochote usichokumbuka kukiweka.
3. Settings, "System", zima "Use graphics acceleration when available", fungua upya. Hii hutibu hasa kivinjari kinachokufa kwenye YouTube au kinachoonyesha kioo cheusi. Tatizo huwa ni draiva ya zamani ya picha. Ukiweka draiva mpya unaweza kuirudisha.
4. Funga Chrome. Bonyeza Windows na R, andika `%localappdata%\Google\Chrome\User Data`, tafuta folda iitwayo Default, ibadilishe jina iwe Default-zamani. Fungua Chrome, itajitengenezea mpya.

Hatua ya nne ndiyo inayoeleza kwa nini kuiondoa Chrome na kuiweka tena hakusaidii watu wengi: folda ile hubaki ilivyo usipochagua kufuta data, na Chrome mpya inarithi ugonjwa wa marehemu. Kwa Firefox njia ni fupi: andika `about:support`, bonyeza "Refresh Firefox"; alamisho na nywila zinabaki, viendelezi vinaondoka.

Ujumbe wa "Aw, Snap!" ukija, soma maneno madogo ya chini yake. "Out of Memory" inakurudisha kwenye RAM. STATUS_ACCESS_VIOLATION ikija kwenye tovuti yoyote ile bila mpangilio, shuku viendelezi, antivairasi, kisha RAM mbovu.

Na kama bado uko Windows 7, toleo la mwisho la Chrome kwako ni 109, la mwanzoni mwa 2023. Tovuti mpya zitazidi kukukatalia na kukuangusha, hata mashine iwe na RAM ya GB 16. Hilo halina marekebisho.

Kitu kidogo kinachofanana na ubovu wa kivinjari: kila tovuti inasema muunganisho si salama. Tazama saa. Kama inasoma miaka ya nyuma kila ukiwasha, betri ndogo ya bodi, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Ibadilishe, weka tarehe, chagua saa za (UTC+03:00) Nairobi.

Joto, vumbi na chaja

Rudi kwenye ile 0.78 GHz. Sababu ya kwanza ni joto. Prosesa ya laptop ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Pima kwa HWMonitor. Wakati wa kaskazi, chumba chenye bati bila dari, mashine ikiwa juu ya kitambaa cha meza kinachoziba matundu ya chini, hufika huko bila kufanya kazi nzito. Fungua, safisha feni kwa brashi na blowa, lakini shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani yakizungushwa kwa upepo mkali huharibu beringi zake. Vumbi baya ni lile lililoganda kama blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba. Hilo halionekani mpaka utoe feni. Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa. Kupaka nyingi hakuongezi ubaridi.

Sababu ya pili huwapoteza mafundi wengi: chaja. Laptop nyingi za Dell hutambua chaja kupitia pini nyembamba ya katikati. Chaja isiyo yake, au yenye pini iliyopinda, ikichomekwa, mashine inasema aina ya chaja haijulikani, inakataa kuchaji betri, na inajifunga kwenye kasi ya chini kabisa. Chomoa chaja, tumia betri dakika mbili, tazama "Speed". Ikipanda, umepata. Hakuna window itakayotibu chaja.

Wanaokula kimya kimya

Kwenye Task Manager, kichupo cha "Startup", zima vyote vyenye "High" isipokuwa antivairasi, sauti na padi ya mausi. Antivairasi iwe moja. Mbili hugombana na zote hukagua kila faili linalofunguliwa. Kwa kompyuta ndogo, ile ya Windows yenyewe inatosha. Mara moja iambie ifanye "Offline scan", karibu dakika 15, hasa kama mashine inapokea flashi za watu au iliwahi kuwekewa programu ya kuamsha Windows bila leseni. Hizo za kuamsha ni mlango maarufu wa programu zinazochimba sarafu kwenye prosesa yako.

Anayetumia bando la simu aingie Settings, Network, kwenye Wi-Fi yake awashe "Metered connection". Bila hivyo Windows hupakua masasisho nyuma ya pazia: intaneti inakuwa nzito, diski inafika 100%, na bando linakwisha saa tatu asubuhi. Sasisha usiku mmoja kwa wiki, kwa makusudi.

Mashine ikiwa ya zamani mno

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kama kiwango cha chini, TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Kwa laptop ya GB 4 isiyotimiza hayo, Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ni chaguo la heshima: kiwango chake cha chini ni GB 2, na Firefox na Chrome vinafanya kazi humo. Jaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, na hakikisha printa na skana yako vinaonekana, kwa sababu hapo ndipo steshenari nyingi hukwama.

Ukimaliza marekebisho, usimkabidhi mtu mashine kwa sababu tu imewaka haraka. Fungua vichupo vile vile kumi, PDF zile zile, iache saa nzima huku umefungua Task Manager, uone "Committed" inasimama wapi. Baada ya wiki rudi kwenye `perfmon /rel`. Kukiwa na siku saba bila alama nyekundu, kazi imekwisha. Ikiwepo moja, ibonyeze usome jina la programu, na uanzie hapo.